Punda Kumi na Wanane

Asalaam aleikum, na asanteni kwa kujibana humu na joto lote hili la Lamu.

Mwaka juzi niliandika programu ya stoo kwa duka moja la vifaa vya ujenzi hapa Langoni. Bidhaa 6,000. Kwenye kompyuta yangu iliteleza vizuri. Mwenye duka akaifungua kwenye simu yake, ikaganda. Akangoja, akaguna, akavuta daftari lake. Hakusema neno, na hilo ndilo lililoniuma.

Nilikuwa nimeijengea kila bidhaa mstari wake kwenye orodha, yote 6,000 kwa mpigo, ilhali skrini yake inaonyesha kumi na miwili tu. Skrini ya fremu 60, yaani picha 60, kwa sekunde inakupa kama milisekunde 16 kwa kila fremu. Ukizimaliza kwa mistari isiyoonekana, kidole kinatangulia, orodha inajikokota nyuma.

Tazameni ufukweni wanapopakua mchanga wa jahazi. Magunia tele, punda wachache. Punda akishatua, anarudi kubeba lingine. Hakuna anayenunua punda kwa kila gunia. Basi weka mistari 12 ya kuonekana, mitatu ya akiba juu, mitatu chini. Unaotoka juu haufutwi: unashushwa chini na kuvikwa bidhaa nyingine. Kwenye Android, RecyclerView, kifaa cha programu cha kuonyesha orodha, inafanya kazi hiyo tangu 2014.

Hesabu yake nyepesi. Mstari una urefu wa pikseli 60, yaani vidoti vya skrini, mtu kasogeza pikseli 90,000: bidhaa 1,500 zimekwishapita, anza na inayofuata. Kazi ngumu ni mistari inapopishana urefu. Jina la msumari linaenea safu moja ya maandishi, maelezo ya bomba yanajaza safu tatu. Hapo unakisia urefu, kisha unapima kila unapochora na kusahihisha. Ukikisia ovyo, orodha inaruka chini ya kidole.

Na jihadharini na punda anayerudi na mzigo wa jana! Nilitia tiki kwenye saruji, nikashuka, nikakuta rangi ya mafuta nayo ina tiki. Mstari ulikuwa ule ule, sikuusafisha. Tiki ikae kwenye data ya bidhaa, si kwenye mstari.

Naam, binti yangu? Kutafuta neno… Kwenye kivinjari, kitafutaji chake hakitaiona "kitasa" iliyo mbali chini, maana mstari wake haujachorwa. Tengeneza kisanduku chako kinachosoma data yenyewe. Mwenye duka alinidai hicho kwanza, ndipo akakubali kulirudisha daftari kabatini.