Soma mapezi: kumtambua ngogo mdogo wa Ziwa Tanganyika

Madukani, ngogo hawa wadogo wenye madoadoa huuzwa wote kwa jina moja, petricola. Mara nyingi mfuko mmoja una aina mbili, na mapezi ndiyo yatakayokuambia nani ni nani.

Usimvue kwa wavu. Mwiba wa mgongoni na ile miwili ya kifuani ina meno kama msumeno. Akishtuka huisimika na kuikaza, wavu unanasa, ukivuta mwiba unakatika. Zamisha kopo la plastiki, mswage taratibu aingie mwenyewe. Akiwa ameshanasa, kata wavu.

Mhamishie kwenye kisanduku kinachopitisha mwanga, upana wa sentimita 8 hivi, chenye maji ya tangi lake. Subiri dakika 5, maana samaki mwenye hofu hubana mapezi. Karatasi nyeupe nyuma, taa ubavuni.

Sasa tazama kwa makini pale pezi linapoota mwilini. Ukingo mweupe hautakusaidia, kwa kuwa aina zote mbili wanao. Weusi ukianzia mwilini moja kwa moja, huyo ni Synodontis petricola. Ukiona kidirisha cha rangi hafifu kabla ya weusi kuanza, kwa mfano kwenye pezi la kifuani, ni Synodontis lucipinnis, aliyepewa jina hilo mwaka 2006. Maana yake ni pezi la nuru. Kagua mapezi matatu au zaidi: pezi lililochanika likaota upya hutoka limefifia, nalo hudanganya hata wazoefu.

Je, ana macho makubwa na tumbo jeupe lisilo na doa? Huyo si kati ya hao wawili. Hapo hesabu vijiti laini vinavyolishikilia pezi la kifuani. Mwiba usiuhesabu. Anzia shinani, kwani kila kijiti hugawanyika kikielekea nchani, na ukihesabu huko utapata idadi ya uongo. Vijiti 8 ni Synodontis multipunctatus, 7 ni Synodontis grandiops.

Ukingo mweupe wa samaki mwenye afya ni laini na umenyooka. Ukiwa na nyuzinyuzi na unazidi kula pezi siku hadi siku, pezi linaoza: pima amonia (sumu itokanayo na uchafu wa samaki) majini leo hii na ubadilishe theluthi moja ya maji.

Mapezi yakikosa kabisa ukingo mweupe, au mkia ukikosa pembetatu zake nyeusi, shuku chotara wa mashamba ya kufugia samaki. Mfuge, lakini usimchanganye na wale unaowazalisha.