Kuhama Mkoa: Tupime Nini Kabla ya Kuondoka Kusini

Mhadhara kwa wazazi na vijana, Masasi

Wazee wetu, shikamooni. Akina mama, vijana, viongozi wa kata na vijiji mliofika, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie faida na hasara za kuhamia mkoa mwingine, na ni vyema niweke msimamo wangu wazi tangu mwanzo. Sipingi mtu kuhama, wala siamini kwamba anayebaki amechelewa kimaisha. Ninachokipinga ni hesabu ya upande mmoja, ile inayopima tunachokitarajia huko tuendako na kusahau tunachokiacha. Katika kazi yangu ya kusuluhisha migogoro ya ardhi katika mikoa ya Mtwara na Lindi, familia nyingi nilizoziona zikiumia hazikuumizwa na maisha ya Dar es Salaam, bali na mambo ambayo ziliyaacha huku bila kuyapanga.

Kuhama kwenyewe si jambo geni kwetu. Babu zetu walikwenda manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, na katika miaka ya 1970 Operesheni Vijiji iliwahamisha wazee wengi walioko ukumbini humu kutoka katika mahame yao. Wapo pia waliohamia kwetu, kama wafugaji walioletwa mkoani Lindi baada ya kuondolewa katika bonde la Ihefu, Mbeya. Kilichobadilika ni umbali. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, safari ya kwenda Dar es Salaam ilitegemea kivuko cha Ndundu katika Mto Rufiji, na masika yalipozidi msafiri hakujua atafika lini. Leo kilomita zipatazo 560 kutoka Mtwara mjini humalizika kwa siku moja, na wengi huondoka wakiamini kwamba watarudi kwa kila msiba na kila palizi. Imani hiyo ina msingi, lakini isiwe kamili mno: mwezi Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, mafuriko yaliikata barabara hiyo upande wa Kilwa, na abiria wakakwama njiani.

Sasa tuzitazame faida, kwa maana zipo na ni kubwa. Sensa ya mwaka 2022 iliukuta Mkoa wa Dar es Salaam ukiwa na watu zaidi ya milioni 5.3, wakati Mtwara ilikuwa na zaidi ya milioni 1.6 na Lindi ikikaribia milioni 1.2. Kwa fundi umeme, mshonaji, mpishi au dereva, idadi hiyo ina maana ya kazi inayopatikana mwaka mzima. Huku kwetu fedha nyingi huingia katika msimu wa korosho, kuanzia mwezi wa kumi hadi mwanzoni mwa mwaka, kisha hufuata miezi mirefu ambayo hata fundi hodari hukosa wa kumlipa, kwa sababu wateja wake ni wakulima. Kijana mwenye ujuzi unaouzika, na mwenye mtu wa kumpokea, ana sababu nzuri ya kwenda, na mzazi asimzuie.

Hata hivyo, baadhi ya sababu tulizozizoea zinahitaji kupimwa upya. Zamani mgonjwa aliyehitaji daktari bingwa alifikiriwa kupelekwa Muhimbili moja kwa moja, pamoja na kuwa hospitali za Ndanda na Nyangao zimetuhudumia kwa miaka mingi. Leo ipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo. VETA ipo Mtwara na ipo Lindi. Anayetaka kuhama kwa ajili ya matibabu au mafunzo ya ufundi aulize kwanza kama huduma anayoifuata haipo saa mbili kutoka kwake.

Gharama ndiyo watu huikosea zaidi, kwa kuwa wengi huhesabu nauli peke yake. Tuchukue mfano wa anayeanzia Mbagala, Dar es Salaam, ambako ndugu zetu wengi hufikia. Tuseme amepata chumba cha shilingi 60,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba akidai kodi ya miezi sita, hizo ni 360,000. Dalali akichukua kodi ya mwezi mmoja, jumla inafika 420,000, na bado hajanunua godoro wala ndoo ya maji. Kwa bei ya shilingi 3,300 kwa kilo, ambayo Serikali iliitangaza Novemba 2018 ilipoamua kununua korosho yenyewe, fedha hizo ni zaidi ya kilo 127 za korosho. Hicho ni chumba kimoja, kwa nusu mwaka. Baada ya miezi sita mwenye nyumba atagonga mlango tena, na wapo ambao hulazimika kumpigia simu mjomba kijijini wakiomba nauli ya kurudi.

Naomba nikae zaidi kwenye shamba, kwa sababu hapa ndipo penye machozi. Mkorosho hausubiri mtu. Usipopaliliwa, moto wa kiangazi huupitia, na usipopuliziwa dawa ya salfa wakati wa kuchanua, ugonjwa wa ukungu uitwao ubwiri unga hula maua yote. Kesi inayojirudia katika baraza la ardhi ni hii: kijana anaondoka, anamkabidhi ndugu yake mikorosho kwa maneno ya mdomo, nao wanakubaliana kugawana mapato. Mwaka wa kwanza fedha inatumwa. Mwaka wa pili ndugu anabanwa na ada au ugonjwa, anauza korosho kwa kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya utaratibu, kabla msimu haujafunguliwa, kwa bei ya kutupa, na wa mjini anaambiwa mavuno yalikuwa mabaya. Mwaka wa tatu shamba limeandikishwa kwenye chama cha msingi cha ushirika kwa jina la huyo ndugu, pembejeo za ruzuku zinatoka kwa jina lake, na malipo ya mnada wa korosho yanaingia kwenye akaunti yake. Si lazima awe mwizi. Yeye ndiye aliyepulizia, yeye ndiye aliyepalilia, na karatasi zote zinamtaja yeye.

Juu ya hilo kuna suala la ukoo. Kwa wengi wetu, Wamakonde, Wamakua, Wamwera na Wayao, desturi ya asili iliirithisha ardhi kwa upande wa mama, na mjomba alikuwa na kauli. Kijana anaweza kuondoka akiamini kwamba shamba ni la baba yake, baba akafariki, ndipo wapwa wa marehemu wakadai ardhi ile ni ya ukoo wao. Aliyepo kijijini hukaa kikaoni na kutoa hoja zake mapema. Aliyeko mbali huletewa uamuzi. Kwa hiyo jambo hili liulizwe wakati baba na mjomba wako hai na wanaweza kukaa pamoja mkekani.

Sheria nayo ina saa yake. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji isiyokaliwa wala kutumiwa kwa muda usiopungua miaka mitano, bila hata kupumzishwa, inaweza kuhesabiwa kuwa imetelekezwa, ingawa zipo hatua za kutoa taarifa kabla ya uamuzi. Vilevile, anayetaka kudai mahakamani ardhi aliyoporwa ana ukomo wa miaka 12. Ndiyo maana nasema anayeondoka awe na hati ya hakimiliki ya kimila, na kama bado hajaipata, awe na maandishi yanayoeleza mipaka, idadi ya mikorosho, nani anaitunza, kwa masharti gani na hadi lini, yaliyosainiwa mbele ya mashahidi na mtendaji wa kijiji. Wapo wanaoona aibu kumwandikisha ndugu karatasi. Mimi naona karatasi hiyo inamlinda ndugu pia, kwa kuwa jasho lake linatambuliwa.

Wanandoa wasiamue jambo hili kwa siri. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mmoja wao kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na nyumba iliyouzwa kimyakimya ili kupata mtaji wa kuhamia mjini imevunja ndoa nyingi. Mtoto aliyekwisha kuandikishwa kwa mtihani wa Taifa aachwe amalize alipo, hata kama mzazi mmoja atatangulia. Kwa watumishi wa umma nitasema kwa ufupi tu: aliyeomba uhamisho kwa hiari yake hujigharamia, tofauti na anayehamishwa na mwajiri.

Lipo swali la wakati, ambalo vijana huniuliza mara kwa mara. Mimi hushauri mtu asiondoke mara tu fedha ya mnada inapoingia, wakati mfuko umejaa na kila kitu kinaonekana rahisi. Atangulie kwa wiki chache, akae kwa ndugu, aione kazi yenyewe na alale katika mtaa anaotaka kupanga, kisha arudi kupalilia. Palizi ikiisha na maandishi ya shamba yakiwa yamesainiwa, aende na familia. Na akifika huko ajitambulishe kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa akiwa na barua ya mtendaji wake, kwa sababu barua hiyo ataihitaji mapema kuliko anavyodhani. Mtendaji wa kijiji na mjumbe wa baraza la ardhi wako nasi leo. Wenye mashamba ambayo hayajaandikiwa chochote waanze nao kabla hatujatawanyika.