Kasa na Waendesha Malori: Mhadhara Uliotolewa Iringa

Kamwene! Wanachuo, na ninyi viongozi wa matawi ya wafanyakazi mliotoka Mufindi alfajiri, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie maandamano ya mwaka 1999 huko Seattle, Marekani, nje ya mkutano wa Shirika la Biashara Duniani. Wengi wenu hamkuwa mmezaliwa, basi nianze na kasa.

Marekani ilikuwa na sheria ya kuzuia kamba waliovuliwa kwa nyavu zisizo na mlango wa kumtoa kasa. India, Malaysia, Pakistan na Thailand zikaishtaki kwenye Shirika la Biashara Duniani, na mwaka 1998 zikashinda. Waamuzi wa rufaa hawakukataa kasa alindwe. Walisema Marekani imebagua katika kuitekeleza sheria yake. Mitaani habari ikafika nusu: kasa kashindwa kesi. Ndiyo maana Novemba 30, 1999 watu waliojivika magamba ya maboksi waliandamana pamoja na waendesha malori wa chama cha Teamsters, katika umati unaokadiriwa kufika 40,000 au zaidi.

Picha hiyo ndiyo iliyobaki. Mimi hunivutia zaidi kilichotangulia. Kampuni ya Maxxam ya Texas iliinunua Pacific Lumber mwaka 1986, ikaongeza kasi ya kukata redwood, ile miti mikongwe ya California. Baadaye ikaimiliki pia Kaiser Aluminum. Septemba 1998 wafanyakazi wa Kaiser wapatao 3,000 waligoma. Walipotaka kurudi kazini Januari, wakafungiwa mageti. Watu wa viwandani na watetezi wa misitu walikuwa wamezoea kutupiana maneno. Sasa wakakuta aliyewafungia hawa geti ndiye anayewakatia wale msitu. Hawakupendana ghafla, wala haikuhitajika.

Tusijidanganye lakini, waandamanaji wale hawakuwa wakitusemea sisi. Ndani ya ukumbi wa mkutano wajumbe wa Afrika walikuwa na hasira zao: mambo yanapikwa kwenye vikao vya nchi chache, wao wako koridoni. Rais Clinton alipodokeza kwamba viwango vya haki za wafanyakazi viende na vikwazo vya biashara, nchi maskini zilinusa hila: bidhaa zetu zizuiwe kwa jina la kumhurumia mfanyakazi wetu. Na mwanzoni kabisa, walioshtaki juu ya kasa walikuwa wakina nani? Nchi za wavuvi. Mazungumzo yalivunjika Desemba 3, huku wa nje na wa ndani wakiwa na sababu tofauti kabisa.

Turudi kwetu. Tangu 1993 mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika kiangazi. Mhifadhi humnyooshea kidole mfugaji na mkulima wa mpunga wa Usangu. Mkulima hujibu kwamba mhifadhi anawajali viboko kuliko watu. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa Ihefu, ardhi oevu ya Usangu, pamoja na ng'ombe wao. Katika ugomvi ule wote, swali la nani ana kibali cha maji kiasi gani liliulizwa kwa sauti ndogo mno.

Chai nayo, mnaijua kuliko mimi. Mchumaji anapimiwa kilo zake, kiwandani jani linakaushwa kwa moto wa kuni za mkaratusi, na bei imekuwa ikiamuliwa kwenye mnada wa Mombasa, kwa dola. Bei ikishuka, mwenye kiwanda ana pa kubana pawili: ujira na msitu. Sijawahi kuona anayehesabu miti na anayehesabu kilo wakikaa meza moja kuzungumza habari hiyo.

Mwaka 2016 Bunge letu lilikataa mkataba wa biashara na Ulaya. Mzee Mkapa alikuwa ameupinga kwa hoja ya kulinda viwanda vyetu. Septemba 2021 likaridhia mkataba wa Eneo Huru la Biashara Barani Afrika. Mimi siupingi huu wa pili. Nataka kujua tu, hapa ukumbini, tawi gani liliwahi kuusoma pamoja na watu wa misitu na maji? Mama wa safu ya nyuma ameinua mkono. Mpeni kipaza sauti.