Ugali wa Venezia, Togwa ya Istanbul

Mbukwenyi, ndugu zangu mnaonitazama mkiwa Dodoma, Kondoa, Mpwapwa, Kongwa, Singida na kwingineko. Leo hamnioni katika chumba kile mlichokizoea, chenye dirisha linalotazama Mto Moselle katika mji wa Trier, Ujerumani. Nimekaa kwenye kigoda uani kwa mama yangu, Mvumi, upepo wa Agosti ukirusha vumbi, na kishindo mnachokisikia nyuma yangu ni cha mwanangu wa miaka sita anayejifunza kutwanga kwa mchi uliomzidi kimo.

Mmeniomba kwa muda mrefu nisimulie safari tulizozifanya mimi, mume wangu na watoto wetu wawili katika miaka mitatu iliyopita, na swali linalorudiwa kuliko yote ni kama tulifika Paris. Paris tulifika, na mnara wa Eiffel, uliokamilika mwaka 1889 na wenye urefu wa mita 330, tuliupanda na watoto wakafurahi. Picha zake nimekwisha kuwaonyesha. Ninalotaka kulizungumza leo ni lile lililobaki moyoni mwangu. Wanangu walizaliwa Ujerumani na hawakuwa wamekanyaga Dodoma hadi mwezi huu, lakini walianza kuifahamu Dodoma kwenye meza za watu wengine, katika nchi za watu wengine, kwa sababu mimi mama yao sikuwa nimewawekea mezani kwetu.

Nianzie Venezia, Italia, ambako tulikwenda wakati wa Pasaka kwa treni iliyopita München na kuvuka milima ya Alpi. Huo ni mji ambao mitaa yake ya kale haipiti gari. Watu husafiri kwa boti za abiria ambazo ndizo daladala zao, mizigo hubebwa kwa boti, na hata mgonjwa hukimbizwa hospitali kwa boti. Siku ya kwanza tulikosea kwa kula karibu na uwanja mkuu wa San Marco, ambako tulitozwa fedha ya kukalia kiti kwa kila kichwa, pamoja na mtoto ambaye hakugusa chakula. Tozo hiyo ni desturi ya kawaida Italia, kwa hiyo mkifika huko isomeni mapema kwenye orodha ya bei kabla ya kuketi. Siku ya pili tuliingia vichochoroni, mbali na wageni, tukapata mgahawa mdogo wa mama mmoja mtu mzima, naye akatuletea maini ya ndama yaliyokaangwa kwa vitunguu vingi, na kando yake tonge kubwa jeupe lililokuwa likifuka mvuke. Binti yangu, ambaye ana miaka kumi, alilibonyeza kwa kidole, akanitazama na kusema, "Mama, huu ni ugali."

Ulikuwa ugali kweli, ingawa wao huuita polenta. Yule mama alipoona furaha ya watoto alituita jikoni tukaone. Alikuwa na chungu cha shaba nyeusi kwa nje, maji yenye chumvi yakichemka, naye akawa anadondosha unga mwembamba kama mvua kwa mkono wa kushoto huku mkono wa kulia ukisonga kwa kijiti kirefu cha mbao. Alisonga kwa karibu dakika arobaini na tano bila kuondoka, kisha akaumwaga ugali wote juu ya ubao, akausubiri ushikane, akaukata kwa uzi alioushika kwa mikono miwili. Mahindi yalifika kwao kutoka Amerika baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492, na kabla ya hapo polenta ya mababu zao ilipikwa kwa nafaka ndogondogo zinazofanana na uwele wetu. Nafaka hiyo mpya iliwashibisha maskini wa kaskazini mwa Italia, lakini katika karne ya 18 na ya 19 wengi wao, waliokula polenta pekee bila kitoweo, waliugua pelagra, maradhi ya ngozi na akili yanayotokana na upungufu wa vitamini iitwayo niasini. Niliposimuliwa hayo nilimkumbuka mama yangu, ambaye hajawahi kutuwekea ugali mtupu, hata mwaka wa njaa. Palikuwa na mlenda, na ndani ya mlenda palikuwa na karanga, ambazo zina niasini nyingi.

Kesho yake tulivuka maji hadi kisiwa cha Murano, ambako watengeneza vioo wa Venezia walihamishiwa mwaka 1291 ili tanuri zao zisije kuunguza mji. Humo mna jumba la makumbusho, na katika kabati mojawapo mna shanga za kila rangi zilizotengenezwa kwa ajili ya biashara ya nje. Mume wangu, ambaye ni Mrangi wa Kondoa na anaipenda historia, alipiga magoti mbele ya kabati lile akawaeleza watoto kwamba misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Ugogo, kwamba watemi wa Kigogo waliidai hongo, yaani ushuru wa njia, kabla ya kuruhusu watu wachote maji na kupita, na kwamba hongo hiyo ililipwa kwa nguo, nyaya na shanga, nyingi zikiwa zimetoka Venezia. Stanley aliilipa alipopita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone. Shanga nyekundu zilizopendwa sana ziliitwa samesame. Binti yangu alinunua ushanga mmoja wa buluu, akaufunga ndani ya leso, akasema ni wa bibi yake.

Istanbul tulikwenda mwezi wa Februari, na safari ilianza vibaya, kwa sababu shirika la ndege tulilosafiri nalo lilichelewesha sanduku letu lenye nguo zote za baridi kwa siku mbili, na kila tulipouliza tuliambiwa tusubiri. Mama mzazi wa mwenye nyumba tuliyofikia aliwaona watoto wanatetemeka, akafungua kabati lake na kuwavisha masweta ya wajukuu zake bila kuulizwa. Kwa masweta hayo tulizunguka mji mzima: tuliingia Ayasofya, kanisa la kale ambalo sasa ni msikiti, lililokamilika mwaka 537 na ambalo kuba lake linamfanya mtu mzima ajione mtoto, kisha tukapanda kivuko cha Bosporus kinachomtoa mtu Ulaya na kumfikisha Asia kwa dakika chache, huku tukila simit, yaani mkate wa duara wenye ufuta, na kuwarushia shakwe vipande.

Jioni ya tatu mwenye nyumba wetu alitupeleka katika mtaa wa Vefa, kwenye duka linalouza boza tangu mwaka 1876. Boza ni kinywaji kizito cha nafaka iliyochachushwa, rangi yake ni ya manjano iliyopauka, na huletwa katika bilauri ikiwa imenyunyiziwa mdalasini, pamoja na dengu za kukaanga. Ni nzito kiasi kwamba watu huimalizia kwa kijiko, na kilevi chake ni kidogo sana. Nilipoonja nilinyamaza. Ule uchachu unaoanza taratibu ulimini na kufuatiwa na utamu ulikuwa ni uchachu wa togwa ya shangazi yangu, niliyokuwa nikiinywa kwenye kibuyu niliporudi kutoka kisimani. Mwenyeji wetu alieleza kwamba wanaipika kwa nafaka waiitayo darı, nami nikawatafsiria watoto kwamba kinywaji hiki ni cha nafaka ya jamii ya uwele. Binti yangu akaniuliza, "Mama, uwele ni nini?"

Ndugu zangu, swali hilo liliniuma kuliko ninavyoweza kueleza. Mtoto wa Kigogo na Kirangi amefikisha miaka tisa hajalisikia neno hilo kinywani mwa mama yake. Nilijua sababu. Nilipokuwa nasoma sekondari mjini Dodoma, baadhi ya wenzetu waliwacheka wanafunzi waliotoka vijijini wakiwaita walaji wa uwele na mlenda, nami nikajifunza kusema kwamba nyumbani kwetu tunakula wali. Aibu hiyo niliibeba hadi Ulaya, nikawapikia wanangu sembe siku za Jumapili na tambi siku nyingine zote. Sasa nilikuwa nimeketi Istanbul, katika duka ambalo bilauri aliyoinywea Atatürk, mwasisi wa Jamhuri ya Uturuki, imehifadhiwa ndani ya kioo kama kitu cha thamani, na ndani ya bilauri hiyo kilichokuwamo kilikuwa kinywaji cha nafaka ya jamii ileile niliyoionea haya.

Tangu siku hiyo nilianza kuyatazama kwa jicho jingine hata mazingira ya karibu na nyumbani kwetu Trier. Bonde la Moselle ni nchi ya zabibu, kama Dodoma ilivyo nchi ya zabibu, ila mizabibu yao imepandwa kwenye miteremko mikali kiasi kwamba mahali paitwapo Bremmer Calmont mchumaji hana budi kujishikiza ili asianguke. Wao huvuna mara moja kwa mwaka, Septemba na Oktoba, kwa kuwa majira ya baridi huulaza mzabibu, ilhali wakulima wa kwetu, kwa kuupogoa mzabibu baada ya mavuno, hupata mavuno mawili ndani ya mwaka mmoja. Kilichonivutia zaidi ni kwamba mkulima mdogo wa kule huruhusiwa kwa sheria kuugeuza ua wa nyumba yake kuwa mgahawa kwa miezi isiyozidi minne kwa mwaka, akauza divai aliyoitengeneza mwenyewe na chakula chepesi, huku watoto wa wageni wakicheza katikati ya mizabibu. Ninatamani sana kuwaona wakulima wa Hombolo, Mpunguzi na Makutupora wakiwakaribisha wageni namna hiyo. Leo hii wengi wao humuuzia mnunuzi mchuzi wa zabibu, yaani maji ya zabibu zilizokamuliwa, kwa bei asiyoipanga mkulima, na mgeni anayepita barabarani hununua ndoo moja ya zabibu akaondoka bila kuuona mti wake.

Safari ya kuja nyumbani tuliipitishia Omani, kwa siku tatu. Joto la Julai lilikuwa kali mno, kwa hiyo tulitoka alfajiri na jioni tu. Katika soko la Mutrah, mjini Maskati, mzee mmoja mwenye kanzu na kofia aliwasikia wanangu wakigombania halua, akawaambia kwa Kiswahili kilichonyooka, "Msigombane, wajukuu zangu, ipo ya kuwatosha wote wawili," na wanangu wakamkodolea macho, maana hawakujua kwamba Kiswahili kina wenyewe hata huko. Kutoka Maskati tulikwenda Nizwa, tukala tende mbichi zilizotoka mtini asubuhi ileile, na tukakaa kando ya mfereji wa Daris. Mifereji hiyo, ambayo huitwa aflaj, huleta maji ya chini ya ardhi kutoka mbali kwa mteremko peke yake, na wanakijiji hugawana maji kwa muda, kila shamba na zamu yake. UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, na mwaka huohuo iliyaingiza pia mapango yetu ya michoro ya Kondoa. Mume wangu alipolisoma hilo kwa sauti, binti yangu aliuliza kwa nini tumekuja kuuona mfereji wa Nizwa kabla ya kuyaona mapango ya babu yake. Tuliahidi kwenda.

Kutoka Dar es Salaam tulipanda treni ya umeme, na wale mliokuwa mkisafiri nasi kwa basi siku nzima mtanielewa nikisema nililia tulipoingia Dodoma kabla mwili haujachoka. Mama alikuwa ametuandalia mapokezi. Mezani palikuwa na wali, kuku wa kukaanga, chipsi na soda, vitu ambavyo najua vilimgharimu. Niliingia jikoni kumsaidia, nikakuta pembeni ya mafiga chungu kidogo kimefunikwa kwa sahani. Ndani yake mlikuwa na mlenda, na juu ya kinu palikuwa na ugali wa uwele wa kijivu, uliofinyangwa vizuri, uliotosha mtu mmoja. Mama alisema, "Hicho ni changu, mwanangu. Watoto wa Ulaya hawawezi kula hicho."

Nilikibeba chungu kile mwenyewe hadi mezani. Binti yangu alimega tonge, akalitumbukiza, akalivuta, na mlenda ukanyooka kama uzi hadi kwenye kidevu. Mdogo wake akamuiga. Mama alisimama mlangoni na kanga yake mkononi, akawaangalia wanavyokula, na kuku akabaki. Tangu siku ile ndiye anayewafundisha kukoboa uwele kinuni, kuupepeta kwa ungo, na kuukoroga mlenda uliokaushwa kwa magadi kidogo kabla ya kutia karanga.

Kolo tulikwenda wiki iliyopita, kama kilomita 180 kutoka mjini kwa barabara ya Kondoa. Tulipanda mlima pamoja na mwongoza wageni hadi kwenye miamba yenye watu warefu, wembamba, waliochorwa kwa rangi nyekundu ya udongo, michoro ambayo mwanaakiolojia Mary Leakey aliinakili mwaka 1951, na tulielezwa kwamba baadhi ya miamba hiyo bado ni mahali pa matambiko, kwa hiyo tulizungumza kwa sauti ya chini. Mkipanga safari, nendeni mapema asubuhi na mchukue maji ya kutosha, kwa sababu kupanda ni kwa miguu na jua halina huruma.

Jana jioni binti yangu alikumbuka leso yake. Mama alikwenda ndani akaleta mkufu wa shanga nyekundu alioachiwa na bibi yake, ambao mimi nimewahi kuuona mara mbili tu maishani mwangu. Aliufungua fundo kwa meno, akahesabu shanga kutoka kila upande ili apate katikati, akaupitisha ule ushanga wa buluu wa Murano, kisha akalifunga tena fundo na kumwambia mjukuu wake ageuke ili amvishe.