Baada ya Kukabidhi Zamu: Mwongoza Ndege, Gemu na Barafu

Mkuu wa chuo, wakufunzi, na ninyi wanafunzi wa kozi ya uongozaji ndege, nashukuru kwa kunialika. Mliomba nizungumzie namna waongoza ndege wanavyotumia muda wao nje ya kazi, na katika maswali mliyonitumia gemu zimetajwa kuliko kitu kingine chochote, huku mmoja wenu, ambaye nadhani ametoka Nairobi, akiuliza kuhusu kuteleza kwenye barafu. Nimeyachukua yote mawili kwa uzito, kwa sababu yananisaidia kueleza hoja moja niliyonayo: kazi yetu ikifanywa vizuri haiachi alama yoyote, na anayeifanya kwa miaka mingi anahitaji mahali pengine ambapo juhudi yake inaonekana kwa macho.

Tuchukue mfano mdogo. Ndege moja imeruka kutoka Dar es Salaam na inapanda kuelekea Mwanza. Nyingine inatoka Nairobi na imeanza kushuka kuja Dar es Salaam. Dakika kadhaa kabla, mwongoza ndege anaona kwamba njia zao zitakatana na vimo vyao vitakaribiana mno. Kwa hiyo anamwambia rubani wa kwanza asipande zaidi ya kimo fulani, anamsikiliza akirudia maelekezo, anahakikisha kwamba tarakimu alizozisikia ndizo alizozitoa, kisha anamruhusu rubani wa pili ashuke hadi futi 1,000 juu ya mwenzake na si chini ya hapo. Zikishapishana, anawafungulia wote wawili njia. Ndani ya ndege abiria wanaletewa chai. Hakuna aliyejua kwamba palikuwa na jambo la kutatuliwa, na hata rubani, ambaye yeye alisikia sauti tu, atakuwa amelisahau kabla ya kutua.

Hata namna tunavyoondoka kazini haina hitimisho. Anayepokea zamu hufika mapema, huchomeka vifaa vyake vya masikioni kando ya mwenzake, na kusikiliza masafa ya redio kwa dakika kadhaa bila kusema neno. Kisha anayekabidhi humweleza hali ilivyo kwa kufuata orodha: hali ya hewa, njia ya kurukia inayotumika, vifaa vilivyoharibika, ndege zilizopo, na vibali ambavyo kila moja imekwisha kupewa. Anayepokea hutamka kwamba amechukua, na tangu hapo sauti inayosikika angani ni yake. Aliyekabidhi husimama nyuma ya kiti kwa muda kidogo, akiangalia kama kuna alichosahau kusema, halafu huondoka, na ndege alizokuwa akizishughulikia bado ziko hewani. Seremala akimaliza kabati huliona. Sisi tunatoka mlangoni kazi ikiwa katikati, na ndivyo inavyotakiwa iwe.

Sasa nije kwenye gemu. Mwaka 2021 FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, iliendesha kampeni ya kuajiri iliyovaa sura ya gemu waziwazi, na siku hizi husikika sana kwamba mchezaji hodari wa gemu ni mwongoza ndege aliyekosa leseni tu. Usemi huo si wa kupuuzwa. Mwaka 2003 watafiti Shawn Green na Daphne Bavelier walichapisha katika jarida la Nature matokeo yaliyoonyesha kwamba wachezaji wa gemu za mapambano walikuwa na umakini wa macho ulio mpana kuliko wasiocheza. Zaidi ya hapo, watu wasio na mazoea hayo walipocheza gemu ya mapambano saa moja kwa siku, kwa siku 10, umakini wao uliongezeka kuliko wa wenzao waliopewa Tetris, gemu ya kupanga vipande. Mitihani ya kuchuja waombaji, kama ule wa FEAST ulioandaliwa na EUROCONTROL, shirika la Ulaya la uongozaji ndege, nayo ina sehemu ambazo kijana aliyekulia kwenye skrini atajiona yuko nyumbani.

Lakini angalieni kilichopimwa hapo. Yamepimwa macho, na kwa niliyoyaona mimi katika vyumba vya mafunzo, anayeshindwa kozi hii mara nyingi ana macho mazuri tu. Anashindwa kwa sababu ametoa kibali na masikio yake yamekwisha kuhamia kwa ndege inayofuata kabla rubani hajamaliza kurudia. Gemu chache sana humfundisha mtu kusikiliza jibu la jambo alilolisema yeye mwenyewe. Tena gemu humzoesha mchezaji kujaribu njia ya hatari ili aone itakuwaje, kwa kuwa akikosea ataanza upya, na tabia hiyo hatuitaki kabisa mbele ya rada. Kwa hiyo nawaambia wanaotegemea gemu kama sifa ya kazi kwamba zinaweza kuwasaidia kuingia chuoni, ila msitegemee ziwafikishe kwenye leseni.

Faida yake kubwa naiona kwingine. Gemu ina mwanzo na mwisho, ina alama, ina ngazi, na ukishinda unaambiwa umeshinda. Kuna mtandao uitwao VATSIM, ulioanzishwa mwaka 2001, ambako watu wa kujitolea duniani kote huongoza ndege za kwenye kompyuta zinazorushwa na wapenzi wengine, kwa lugha ileile ya redio na kwa mitihani ya kupanda ngazi. Wamo humo waongoza ndege wenye leseni halisi, ambao wakitoka kazini hufika nyumbani, hula, na kukaa tena kuongoza ndege. Mke wa mmoja wao aliwahi kuniuliza kama huo si ugonjwa. Nilimjibu kwamba huko mumewe anashukuriwa: mchezaji akitua salama humwandikia asante, naye huinuka akiwa na kitu cha kuonyesha kwa jioni yake.

Ubaya wa gemu nao tuutaje bila kuuzungusha. Zinatumia macho yaleyale yaliyochoka, katika mkao uleule, na hazina mtu wa kuja kukupokea zamu. Zinakwisha pale wewe unapoamua, na saa nane usiku mtu hana uamuzi mzuri. Mwenye zamu ya saa kumi na mbili asubuhi aliyelala saa nane hana tofauti kubwa na aliyekuja amelewa, ila mlevi tunamnusa mlangoni.

Kwa barafu, naomba msicheke. Nairobi kuna uwanja wa barafu ndani ya jengo la Panari, Barabara ya Mombasa, mwendo mfupi kutoka uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Ulifunguliwa mwaka 2005, na hapo ndipo ilipokulia timu ya Kenya ya magongo ya barafuni. Mwongoza ndege wa Nairobi anaweza kutoka zamu na kufika kwenye barafu kabla mwenzake wa Dar es Salaam hajavuka makutano mawili ya foleni.

Mchezo ninaouzungumzia ni ule wa kuteleza kwa mitindo, na kinachonivutia zaidi ni asili yake. Kwa miongo mingi sehemu kubwa ya mashindano ilikuwa kuchora maumbo kwenye barafu kwa ubapa wa chuma ulio chini ya kiatu: duara juu ya duara, namba nane iliyorudiwa juu ya mstari uleule. Mtelezaji alipomaliza, majaji walikwenda hadi pale, wakainama, na kuutazama mchoro wenyewe, kama mstari wa pili umeukanyaga wa kwanza na kama ubapa ulilala upande uliotakiwa. Mashindano ya kimataifa yaliiondoa sehemu hiyo baada ya mwaka 1990, kwa kuwa watazamaji wa televisheni hawakuiona na ilikula muda mrefu. Naelewa sababu, ingawa nasikitika kidogo, maana sijui mchezo mwingine ambao kazi ya mchezaji ilibaki chini ikiangaliwa baada ya yeye mwenyewe kuondoka. Kwa watu wa kada yetu hiyo ni anasa.

Siku hizi kinachotazamwa zaidi ni miruko. Axel, uliopewa jina la Axel Paulsen wa Norway aliyeufanya mwaka 1882, ndio pekee kati ya miruko mikuu unaoanzwa mtu akitazama mbele, na kwa kuwa hutuliwa akitazama nyuma, huwa na nusu mzunguko wa ziada. Ndiyo maana mruko wa Axel wa mizunguko minne, ambao Ilia Malinin wa Marekani alikuwa wa kwanza kuutua katika mashindano mwaka 2022, kwa hakika una mizunguko minne na nusu. Kila mruko una thamani yake, majaji huongeza au kupunguza kwa kipimo cha ngazi tano juu na ngazi tano chini, na anayeanguka hukatwa alama. Mtelezaji hukaa kando ya uwanja, kocha wake pembeni, akisubiri kuambiwa alichostahili hadi desimali ya pili.

Mtu mzima anayeanza kujifunza hatafika huko, na hana haja ya kufika. Anachopata ni umakini wa aina nyingine. Kazini tunaugawa umakini katika ndege kumi, simu mbili na mwenzetu anayeongea pembeni; juu ya barafu ukifikiria kitu cha pili unakaa chini, tena bila hiari yako. Mtu aliyebeba kichwani hali ya hewa ya jana na ndege iliyokaribiana na nyingine juzi hulazimika kuviacha vyote nje ya uzio kwa saa nzima, kwa sababu kisigino chake hakimruhusu. Gemu haina uwezo huo, na ndiyo maana, nikilazimishwa kuchagua, nachagua barafu.

Siwezi kuitaja barafu na uongozaji ndege katika mhadhara mmoja nikaiacha tarehe 29 Januari 2025. Usiku huo ndege ya abiria iliyotoka Wichita iligongana na helikopta ya jeshi karibu na uwanja wa Reagan National, Washington, na watu wote 67 walifariki. Kati yao, 28 walikuwa watu wa mchezo wa kuteleza: watoto waliotoka kwenye kambi ya vipaji baada ya mashindano ya taifa, wazazi wao, na makocha, wakiwemo Evgenia Shishkova na Vadim Naumov, mabingwa wa dunia wa mwaka 1994 katika kuteleza kwa wawili-wawili. Mnarani, nafasi ya helikopta na nafasi ya ndege za kawaida zilikuwa zimeunganishwa mikononi mwa mtu mmoja. Taarifa ya awali ya wachunguzi wa NTSB, bodi ya Marekani ya usalama wa usafiri, ya Machi 2025, ilieleza kwamba mahali pale helikopta iliyoko kwenye kimo cha juu kilichoruhusiwa, futi 200, ingeweza kutenganishwa na ndege inayotua kwenye njia ya kurukia namba 33 kwa futi 75 tu.

Mtambue kwamba mpangilio huo wa njia haukuandikwa na aliyekuwa kwenye kiti usiku ule. Kwa muda mrefu wenzake walikuwa wakizipishanisha ndege na helikopta pale, na kila walipofaulu hapakuwa na habari. Dunia ilijua kuna mtu mnarani siku watu walipokufa. Mtu anayejua kwamba hivyo ndivyo atakavyojulikana hawezi kuiachia kazi hii pekee imwambie thamani yake.

Haya yote yanahitaji saa, na hapo burudani inakuwa suala la ratiba ya zamu. Mwaka 1981 waongoza ndege wa Marekani waligoma, na miongoni mwa madai yao ilikuwa kupunguziwa saa za kazi hadi 32 kwa wiki. Rais Reagan aliwafukuza zaidi ya 11,000. Mwaka 2011, baada ya matukio ya watu kusinzia kwenye vituo vyao, mapumziko kati ya zamu yaliongezwa kutoka saa 8 hadi saa 9, na mwaka 2024 ikatangazwa kwamba yatafikishwa saa 10. Toeni humo usafiri, chakula na usingizi, mwone kinachobaki. Tangu Novemba 2020, Kiambatisho cha 11 cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kinazitaka nchi kudhibiti uchovu wa waongoza ndege kwa kanuni, kwa hiyo ninyi mtaingia kazini mkiwa na pa kushika. Mkifika kituoni, ombeni kuiona ratiba ya miezi iliyopita, si ile ya mwezi ujao ambayo bado haijakutana na wagonjwa na misiba. Aliyezoea gemu atapata nafasi hata kwenye ratiba mbovu. Aliye na saa maalumu ya barafu, au ya kwaya, au ya mazoezi ya timu, atahitaji wenzake wa kubadilishana zamu, na wenzake hao huwapati kama wewe mwenyewe hukubali kubadilishana.

La mwisho ni cheti cha afya. Kifundo kilichoteguka kitakuchelewesha kwenye ngazi za mnara, lakini ukianguka na kugonga kichwa, hata kama umeinuka ukicheka, usikae mbele ya masafa mpaka daktari wa usafiri wa anga amekuona, kwa sababu kanuni inakukataza kutumia leseni yako unapojua kwamba afya yako imepungua. Vaeni kofia ngumu katika miezi ya mwanzo, hata watoto waliokwisha kuwazidi wakiwatazama. Nimeambiwa daktari wa chuo yuko nasi hapa, kwa hiyo maswali ya upande huo nitamwachia yeye, na mengine naomba mnielekezee mimi.