Mzee Wang na Shoka la Babu

(Mhadhara uliotolewa mbele ya wazee na vijana, jijini Mbeya)

Mwaghonile. Wazee wangu, shikamooni. Wadogo zangu mliosimama kule mlangoni, sogeeni, viti vya mbele vipo, na baridi hii ya Julai haina huruma.

Nimeombwa nizungumze juu ya gemu za mapigano. Ni nyingi mno kwa jioni moja, kwa hiyo nimemchagua mzee mmoja, Wang Jinrei wa Tekken. Aliyekulia Mwanjelwa, akakaa kwenye vibanda vya PlayStation 2, anamjua. Sisi tulimwita Babu. Sheria ya kibanda ilikuwa mshindi anabaki, aliyepigwa anaachia pedi, na mtu akimchagua Babu, aliyefuata kwenye foleni alianza kabisa kusogea karibu na benchi. Hakuna aliyetegemea Babu angebaki.

Nami niliamini hivyo kwa miaka. Wang alikuwemo tangu Tekken ya kwanza ya kampuni ya Namco, mwaka 1994. Akakosekana katika Tekken 3 na Tekken 4, kisha akarudi katika Tekken 5, iliyoingia kwenye PlayStation 2 mwaka 2005, na hapo ndipo mimi nilipokutana naye.

Kwa faida ya wazee, nieleze kidogo. Kwenye Tekken kila kitufe ni kiungo cha mwili. Mraba ni mkono wa kushoto, pembetatu ni wa kulia, na vitufe viwili vya chini yake ni miguu. Mtoto anayebofya ovyo akiwa na Eddy Gordo, yule Mbrazili wa kapoera, miguu inazunguka hewani na anaweza kushinda bila kujua amefanya nini. Wang hakupi zawadi hiyo. Ukibofya ovyo na Wang, unabaki umenyoosha mkono, umeachwa wazi, na unapigwa.

Jibu la kwa nini Babu anapigana hivyo nililipata mbali na kibanda, nilipoanza kusoma juu ya mtindo wake. Watengenezaji hawakuubuni. Unatokana na xingyi, sanaa ya kale ya mapigano ya China ambayo hadi leo ina walimu na wanafunzi. Msingi wake ni ngumi tano, na kila moja imefungamanishwa na kitu cha asili: chuma, maji, mti, moto na udongo. Ya kwanza, ya chuma, inaitwa pi, maana yake kupasua. Mkono unashuka kama shoka.

Nilipofika hapo kwenye neno shoka nilifunga kitabu, maana nilimwona babu yangu mzaa mama kule Uyole, anapasua magogo ya mlingoti. Sisi wajukuu tulikuwa na nguvu kumzidi, tulipiga kwa mabega, shoka likang'ang'ania kwenye gogo na tukaanza kulivuta huku jasho linatoka. Yeye aliinua shoka polepole, akatulia kidogo juu kabisa, kisha akashuka nalo mwili mzima: magoti, kiuno, pumzi, mikono. Gogo likafunguka. Hakupiga mara mbili.

Walimu wa xingyi wana jina la jambo hilo. Wanasema mapatano sita. Matatu ni ya nje: bega lipatane na nyonga, kiwiko na goti, mkono na mguu. Matatu ni ya ndani: moyo na nia, nia na pumzi, pumzi na nguvu. Ngumi inayotoka mkononi peke yake kwao haijakamilika. Na mwendo wao ni wa kunyooka. Kuna bingwa wa karne ya 19, Guo Yunshen, ambaye wafuasi wa sanaa hiyo wanasimulia kwamba aliwashinda wapinzani kwa ngumi ile ile moja, akisogea nusu hatua tu. Nusu hatua, ndugu zangu! Mzee hana magoti ya kuruka, lakini nusu hatua anayo. Kwa hiyo Wang kuwa mzee na kuwa hatari si hadithi ya kuwafurahisha watoto. Mtindo wenyewe unamruhusu.

Wapo wazee wengine kwenye gemu hizi, na hatuwezi kuwaheshimu wote sawasawa. Shun Di wa Virtua Fighter 2, ya mwaka 1994, hunywa pombe katikati ya pambano, na kadiri anavyokunywa ndivyo mapigo mapya yanavyofunguka. Ni ubunifu mzuri wa gemu, ila mimi napenda mzee aliye macho, asiyelewa. Tung Fu Rue wa Fatal Fury, ya 1991, ni kizee kidogo ambaye akikasirika anafumuka na kuwa jitu la misuli, na huyo simkubali kabisa. Wamemvua uzee wake pale pale alipouhitaji.

Gen wa Street Fighter ni jambo jingine. Alikuwepo tangu gemu ya kwanza, 1987. Ni mgonjwa, kifo kinamjia, naye anatafuta mpinzani anayestahili ili afie vitani, si kitandani. Ana mitindo miwili, wa vunjajungu na wa korongo, na mchezaji hubadilisha kati yake pambano likiendelea. Kumjua Gen ni kama kujifunza watu wawili. Vijana wengi humwacha njiani.

Lakini narudi kwa Wang, kwa sababu ya rafiki yake.

Katika Tekken 5 bosi wa mwisho, yaani mpinzani wa mwisho wa kushindwa, ni Jinpachi Mishima, na ndiye rafiki huyo. Heihachi, mwanawe wa kumzaa, alimnyang'anya kampuni na kumfungia chini ya jengo la Honmaru. Wazee wa Rungwe mlioko hapa mnajua ubusoka, jinsi kina baba wa Kinyakyusa walivyowakabidhi wana wao nchi kwa sherehe, mbele za watu, wakati wake ulipofika. Mnajua pia kwamba vijana wa rika moja walijenga kijiji chao na kuzeeka pamoja. Nyumba ya Mishima haikuwa na siku ya kukabidhiana. Mwana alichukua, baba akaachwa gizani, na alipotoka alitoka na shetani ndani yake. Akaitisha mashindano ili apatikane mtu wa kumsimamisha kabla uovu haujammaliza kabisa.

Wang anaingia kwenye mashindano hayo. Hafuati utajiri wala kisasi. Jinpachi ni mtu wa rika lake, rafiki aliyemjua kabla hajaharibiwa.

Kibandani tulimchukia Jinpachi kwa sababu anatema moto kupitia mdomo ulioko tumboni na anamgandisha mtu asiweze kubofya chochote. Siku hizi nikifika kwake na Wang, nasubiri. Moto unapita, namwachia nafasi, nasogea nusu hatua, kisha nashusha mkono kama babu alivyoshusha shoka. Nikishinda, sirukeruki.

Ndaga fijo. Maswali, tafadhali, tuanze na wazee.