Uyoga wa Mkonge na Jina Lake Lililohama

Ndugu zangu wa Tanga, karibuni. Mwenye kuokota uyoga kwenye marundo ya mabaki ya mkonge, nyuma ya korona (kiwanda cha kuchakata mkonge), anaujua kwa macho: kofia ya kijivu yenye nyuzinyuzi nyeupe kama pamba, shina jeupe lililozama ndani ya rundo, na ukichelewa kuupika unayeyuka na kuwa wino mweusi. Vitabu vya zamani vinauita Coprinus cinereus. Leo ni Coprinopsis cinerea. Uyoga ni uleule. Tulichokosea ni ukoo wake.

Zamani karibu kila uyoga wa wino ulitiwa katika jenasi moja, yaani kundi moja la spishi za ukoo mmoja, Coprinus. Vinasaba vikaonyesha kwamba tabia ya kuyeyuka imezuka zaidi ya mara moja, katika koo zisizo na udugu wa karibu. Coprinus comatus, wenye kofia ndefu na pete shinani, ni jamaa wa Agaricus, uyoga wa madukani. Mwaka 2001 jenasi ikagawanywa. Kanuni hapa ni ngumu: jina hubaki na spishi ya kielelezo, ile iliyowekwa kuiwakilisha jenasi, hata ikiwa ndiyo yenye ndugu wachache. Kielelezo cha Coprinus ni comatus, basi wale wengi wakahamia Coprinopsis, Coprinellus na Parasola. Hata cinereus ikageuka cinerea, kwa kuwa Coprinopsis ni jina la kike katika sarufi ya Kilatini. Naona mgawanyo huu ulikuwa wa haki, ingawa unasumbua.

Ili kuupa uyoga jina sahihi unahitaji sampuli nzuri, nayo huanzia rundoni. Chimbua kwa kisu, usivute, maana shina la chini litakatika. Funga kwa karatasi. Ndani ya mfuko wa plastiki, kwa joto letu hili, utafika na uji. Piga picha na uandike rangi na harufu ukiwa bado mbichi. Kupata alama ya spora, yaani vumbi la mbegu za uyoga, kata kofia iliyoanza tu kuwa nyeusi, ilaze juu ya karatasi nyeupe, funika kwa glasi, itazame baada ya saa mbili. Ukiiacha hadi asubuhi utakuta dimbwi la wino.

Kwa ajili ya vinasaba, chukua nyama ya ndani, kiasi cha punje ya mchele, uitie kwenye silika jeli, zile chembe za kufyonza unyevu. Ukikwangua ngozi ya juu, maabara inaweza kukusomea vinasaba vya ukungu uliotua hapo. Sehemu inayosomwa kwanza ni ITS, kipande kifupi cha vinasaba, iliyopendekezwa mwaka 2012 kuwa kitambulisho cha kuvu.

Uliobaki, pasua katikati na ukaushe kwa nyuzi 40 hadi 45 penye hewa inayopita. Chagua michanga, iliyokomaa itayeyuka kabla ya kukauka. Kwenye bahasha andika namba, tarehe, mahali, ulipoota, na jina wanalolitumia waokotaji wenyewe. Kisha weka ndani ya chombo kisichopitisha hewa, pamoja na silika jeli, kwani unyevu wa pwani huurudia uyoga mkavu na ukungu ukaanza upya.